Watafiti wa akili unde wanapoungana, mwanaisimu wa Kiswahili yuko wapi?

KILA ifikapo Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka wa 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, huwa tunajipiga kifua kwamba lugha yetu ina wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Majukwaa hupambwa, mashairi hughanwa, na wasemaji hushindana kutaja vyuo vikuu vya ng'ambo vinavyofundisha Kiswahili. Lakini ukifungua makala za wataalamu wa kompyuta, lugha hiyo hiyo mara nyingi utaikuta imetiwa katika fungu la lugha zenye "rasilimali haba". Hebu tujiulize: lugha moja inakuwaje tajiri jukwaani na maskini maabarani?

Swali hilo limenisukuma kuyasoma upya makala yaliyochapishwa mwaka wa 2020 katika machapisho ya kongamano la EMNLP, mojawapo ya makongamano makubwa ya wataalamu wa lugha na kompyuta. Waandishi wake ni makumi ya watafiti kutoka pembe mbalimbali za Afrika na nje ya Afrika, waliojikusanya chini ya jina Masakhane. Hoja yao ni kwamba tafsiri ya mashine kwa lugha za Afrika haitafanikiwa mpaka wenye lugha washiriki katika kila hatua ya utafiti. Leo nayahakiki makala hayo pamoja na baadhi ya kazi zilizoyafuata, kwa kuwa yamekuwa mfano unaotajwa sana panapozungumziwa ushirikiano wa kimataifa katika taaluma hii.

Tuanze na jina lenyewe. Masakhane ni neno la Kizulu. Mwanafunzi yeyote wa isimu ya Kibantu ataona mnyambuliko uliomo: mzizi -akh-, yaani jenga, umefuatwa na -an-, kiambishi kile kile cha kauli ya kutendana tulicho nacho katika pendana na saidiana. Kwa Kiswahili tungesema "na tujengane". Kauli ya kutendana ina sharti lake: lazima pande zote mbili zitende na zitendewe. Mmoja akichora ramani na kujenga, mwenzake akabeba matofali tu, hapo hawajajengana. Nitalitumia sharti hilo kuupima ushirikiano huu.

Kwa msomaji asiye mtu wa kompyuta, mtandao wa neva ni programu inayojifunza kwa mifano badala ya kuandikiwa kanuni. Ukitaka itafsiri kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, huipi sarufi wala kamusi. Unaipa sentensi nyingi mno zilizokwisha kutafsiriwa, nayo inazirekebisha namba zilizo ndani yake kidogo kidogo hadi majibu yake yakaribiane na ya binadamu. Tangu watafiti wa Google walipowasilisha muundo unaoitwa transfoma mwaka wa 2017, mbinu hii imetawala uwanja. Inataka vitu vitatu: data nyingi, kompyuta zenye nguvu, na watu wanaojua kuziendesha. Ni vigumu vyote vitatu kupatikana katika nchi moja, sembuse katika chuo kimoja. Ndiyo sababu watafiti hulazimika kushikana mikono kuvuka mipaka.

Ushirikiano wenyewe haukuanza jana. Mnamo 1985, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alianza kuunda programu ya kuchanganua Kiswahili iliyokuja kujulikana kama SALAMA. Hiyo ilitumia kanuni za sarufi zilizoandikwa na binadamu. Kati ya 1988 na 1992, Helsinki na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilishirikiana kurekodi masimulizi na mazungumzo ya Kiswahili, na Helsinki ikaendelea kujenga hifadhi kubwa ya matini zetu. Mwaka wa 2006, Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver wa Ubelgiji waliungana na Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaitumia hifadhi hiyo kuifundisha kompyuta kutambua aina za maneno ya Kiswahili.

Itazame safari hiyo. Matini zimetoka Afrika Mashariki, zikatunzwa Ufini, kisha mtafiti wa Nairobi akazitumia akiwa na wenzake wa Ubelgiji. Siwalaumu watu wa Helsinki. Wao walihifadhi wakati sisi tulikuwa tukifungia nyama magazeti yetu. Lakini ushirikiano wa namna hiyo ulikuwa wa watu wachache waliojuana, na ghala lilikuwa mbali na shamba.

Masakhane, lililoasisiwa mwaka wa 2019 na Jade Abbott na Laura Martinus wa Afrika Kusini, lilikuja na utaratibu tofauti. Mikutano ilikuwa ya mtandaoni, programu zilikuwa wazi kwa yeyote, na mtu mwenye lugha yake na hamu ya kujifunza alikaribishwa hata kama hakuwa na shahada ya kompyuta. Mwaka huo huo kongamano la Deep Learning Indaba, linalowakutanisha watafiti wa taaluma hii barani, lilifanyika papa hapa kwetu katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa hivyo tusiseme kwamba mambo haya yalitendeka mbali.

Makala ya 2020 yana mambo mawili ya kusifiwa bila kinyongo.

La kwanza ni jinsi yanavyoueleza umaskini wa lugha. Waandishi wanakataa wazo kwamba lugha ni "maskini" kwa sababu tu data yake ni chache. Wanasema uhaba huo ni dalili ya matatizo makubwa zaidi yaliyomo katika jamii. Wako sahihi. Lugha iliyo na hati ya Utendi wa Tambuka ya mwaka wa 1728, lugha iliyokuwa na gazeti la Mambo Leo huko Tanganyika tangu 1923, haiwezi kuitwa maskini wa matini. Matini zipo. Zimelala kwenye maktaba, katika makabati ya wachapishaji, na katika tasnifu za vyuo vyetu ambazo baada ya mahafali hufunguliwa na panya. Kilicho haba ni matini zilizoingizwa kwenye kompyuta kwa njia inayomwezesha mtafiti kuzitumia kihalali.

Uhaba huo una athari zake. Sehemu kubwa ya data iliyotumiwa na Masakhane wakati huo ilitoka katika mkusanyo wa JW300, yaani machapisho ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300. Hakuna ubaya wowote katika machapisho hayo, na ni wachache waliotafsiri kwa utaratibu namna ile katika lugha nyingi kiasi kile. Ila mtambo uliolelewa na matini za aina moja huwa na rejista ya aina moja. Upe ripoti ya bei ya mahindi au uamuzi wa mahakama uutafsiri, si ajabu ukaanza kuhubiri.

La pili la kusifiwa ni suala la uandishi. Watu wasio na mafunzo rasmi ya kompyuta walihesabiwa kuwa watafiti, na majina yao yakatiwa kwenye makala sawa na ya wenzao. Matokeo yake ni vipimo vya tafsiri ya mashine kwa lugha zaidi ya 30, huku takriban theluthi moja ya lugha hizo tafsiri zake zikisomwa na kutathminiwa na binadamu. Uzito wa jambo hili utauona ukiliweka kando ya habari iliyochapishwa na jarida la Time mnamo Januari 2023, kuhusu vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma matini za kutisha ili mtambo wa ChatGPT ufundishwe kuziepuka. Vijana hao nao walitoa akili zao kwa mitandao ya neva. Lakini walihesabiwa kuwa vibarua, si watafiti. Kati ya njia hizo mbili, ya Masakhane ndiyo ya kuigwa.

Sasa tuingie katika dosari, na hapa naomba msomaji anifuate polepole.

Makala yanawagawa washiriki wa kazi ya tafsiri ya mashine katika makundi matano: watunzi wa matini, watafsiri, wateuzi na watunzaji wa data, wanateknolojia ya lugha, na watathmini. Mgawanyo huo ni mzuri, lakini mwanasarufi na mwanaleksikografia hawana kiti chao. Wanaweza kujipenyeza ndani ya kundi lolote kati ya hayo, ndiyo, ila hakuna hatua ambayo imetajwa kwamba haiwezi kuendelea bila wao. Mzungumzaji wa lugha amepewa nafasi, na mtaalamu wa lugha ameachwa ajitafutie. Hawa wawili si mtu mmoja. Kila mtu ana moyo kifuani, lakini si kila mtu ni daktari wa moyo.

Pengo hilo linaonekana hasa katika vipimo. Kama ilivyo desturi ya taaluma hii, ubora wa tafsiri ulipimwa kwa BLEU, kipimo kilichobuniwa na watafiti wa IBM mwaka wa 2002. Msingi wake ni kulinganisha maneno na mafungu ya maneno: tafsiri ya mashine inawekwa kando ya tafsiri ya binadamu, kisha yanayofanana yanahesabiwa. Kwa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hayabebi viambishi vingi, kipimo hiki kina afadhali. Kwa Kiswahili ni balaa.

Chukua sentensi hii: "Kijana hakumpikia mgeni." Tuseme ndiyo tafsiri iliyoandikwa na binadamu. Mtambo wa kwanza unatoa: "Kijana alimpikia mgeni." Mtambo wa pili unatoa: "Kijana hakumwandalia mgeni chakula." Mtoto wa darasa la nne atakwambia kwamba mtambo wa kwanza umeipotosha habari yote. Mgeni aliyelala njaa amegeuzwa kuwa mgeni aliyeshiba. Mtambo wa pili umetumia maneno mengine kusema jambo lile lile au lililo karibu nalo sana. Sasa mpe kazi hiyo mkaguzi anayehesabu maneno. Mtambo wa kwanza una maneno 2 yanayofanana kati ya 3. Wa pili una 2 kati ya 4. Mshindi ni mwongo.

Wapo watakaosema kwamba tatizo hilo lilikwisha kutatuliwa. Mwaka wa 2015, Maja Popović alipendekeza kipimo kiitwacho chrF, ambacho hulinganisha herufi badala ya maneno mazima. Ni kweli kimezifaa lugha ambishi bainishi kama yetu, kwa kuwa neno lililokosewa kiambishi kimoja halihesabiwi tena kuwa limekosewa lote. Lakini katika mfano wetu hakitatuokoa. Kitaona "mpikia" katika alimpikia, kione "mpikia" katika hakumpikia, kifurahi, na mwongo aongezewe alama. Herufi mbili tatu za mwanzo zilizobeba ukanushi hazina uzito kuliko nyingine machoni pake. Machoni pa msemaji wa Kiswahili, hizo ndizo habari yenyewe.

Upatanisho wa kisarufi nao una hadithi kama hiyo. "Kifaru amejeruhiwa" ni habari ya mbuga ya wanyama. "Kifaru kimeharibika" ni habari ya vita. Nomino ni ile ile, na kinachotutenganishia mnyama na gari la vita ni kiambishi cha upatanisho, kwa sababu viumbe wenye uhai hufuata ngeli ya A-WA hata kama umbo la nomino ni la KI-VI. Mtambo ukiandika "kifaru ameharibika" katika habari za vita, kipimo kitahesabu kosa dogo. Msomaji atabaki akishangaa.

Kuna pia suala la kuyakata maneno. Mtandao wa neva haushughulikii maneno mazima. Huyakata vipande kwanza. Mbinu iliyoenea, na ambayo Masakhane nao waliitumia, ilipendekezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka wa 2016, waliyoiazima kutoka kwa utaratibu wa kubana data. Huunganisha herufi zinazokutana mara nyingi, basi. Haijui mofimu ni nini. Sisi tukilichanganua neno hawatampikia tunapata ha-wa-ta-m-pik-i-a: ukanushi, nafsi, njeo, yambwa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Mashine inaweza kulikata hawa-tam-pikia ikiwa vipande hivyo ndivyo ilivyovizoea. Ukanushi na nafsi vimegandamana vikafanana na kionyeshi "hawa", na njeo imemezwa pamoja na yambwa. Halafu tunauliza kwa nini mtambo unachanganya nani alimfanyia nani nini!

Mtu wa kompyuta atanijibu, na jibu lake lina nguvu: mtandao ukipata data ya kutosha hujifunza hayo yote wenyewe, wala hauhitaji kusomeshwa mofolojia. Nakubali kwamba mitandao ya neva imeishinda mitambo ya kanuni kwa mbali katika kazi ya kutafsiri. Nakubali pia kwamba mtandao unaweza kujifunza bila kumwona mwanasarufi. Lakini je, nani atasema kama umejifunza? Mwalimu anaweza kuacha wanafunzi wajisomee. Hawezi kuacha mtihani usahihishwe na mtu anayehesabu herufi.

Tena, data ya kutosha ndiyo tusiyo nayo, na iliyopo haiaminiki yote. Mwaka wa 2022, kundi jingine la kimataifa lililowajumuisha watafiti wengi wa Masakhane, likiongozwa na Julia Kreutzer, lilichapisha ukaguzi wa mikusanyo 205 ya lugha mbalimbali iliyovunwa kutoka kwenye intaneti. Walifanya jambo rahisi ambalo wavunaji walikuwa hawajalifanya ipasavyo: waliketi wakasoma sampuli za sentensi kwa macho yao. Walikuta mikusanyo isiyopungua 15 haina matini hata moja inayofaa. Ilikuwa imepewa majina ya lugha, na ndani hamna lugha. Mashine zilikuwa zimepita hapo zikihesabu, na hakuna iliyoshtuka. Binadamu aliposoma, mambo yakabainika mara moja.

Dosari nyingine ya taaluma hii nzima ni kwamba Kiingereza ndicho mlango wa kuingilia. Mwaka wa 2021, kampuni iliyokuwa ikiitwa Facebook ilitoa mtihani wa tafsiri unaojulikana kama FLORES-101, na mwaka wa 2022 ukapanuliwa hadi lugha 200. Kiswahili kimo, na wataalamu wa tafsiri waliajiriwa kuifanya kazi hiyo. Ni huduma kubwa. Lakini sentensi zake, 3,001 kwa jumla, zilichaguliwa kutoka kwa kurasa za Kiingereza za miradi ya Wikimedia, ndipo zikatafsiriwa. Kwa hivyo Kiswahili kinachopimwa humo ni Kiswahili cha tafsiri, kinachozungumza mambo yaliyoteuliwa na Kiingereza. Hakuna pa kupimia kama mtambo unajua kwamba mzee aliyekula chumvi nyingi hana shida na mapishi, au kwamba saa mbili asubuhi ya Mswahili ni saa nane ya Mwingereza. Hakuna pa kupimia kama unajua kuwa "ni daktari" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Mitambo mingi ikifika hapo humfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke, jambo ambalo Kiswahili hakikulisema.

Eti ni lazima iwe hivyo? Watafiti wa Masakhane wenyewe wametoa ushahidi kwamba si lazima. Mwaka wa 2022, David Adelani na wenzake walichapisha MasakhaNER 2.0, kazi ya kuifundisha mashine kutambua majina ya watu, mahali na mashirika pamoja na tarehe katika lugha 20 za Afrika. Walijiuliza: mtandao uliojifunza lugha moja ukipelekwa kwenye lugha ambayo haujafundishwa, ni lugha gani huwa mwalimu bora? Mazoea yalikuwa ni kuanza na Kiingereza. Walipoichagua lugha inayofaa zaidi badala ya Kiingereza, alama zilipanda kwa wastani wa 14 katika lugha hizo 20. Mara nyingi lugha iliyo jirani kijiografia au kinasaba humfunza mwenzake vizuri zaidi. Jambo hilo wanaisimu linganishi wa Kibantu wamelisema kwa zaidi ya karne moja. Laiti wangeketi meza moja na watu wa kompyuta tangu mwanzo, huenda swali lenyewe lingeulizwa mapema zaidi.

Mbona hawakuketi? Sababu moja ni pesa na milango. Mikutano mikuu ya taaluma hii mara nyingi hufanyika Marekani, Kanada na Ulaya. Mwaka wa 2018, watafiti kadhaa wa Kiafrika waliotarajiwa kuhudhuria kongamano la NeurIPS huko Montreal walinyimwa viza. Kongamano la ICLR lilipangiwa Addis Ababa mwaka wa 2020, korona ikaja na kila kitu kikahamia mtandaoni. Ni mwaka wa 2023 ambapo hatimaye lilifanyika Kigali. Mtu asiyeweza kufika mkutanoni huishia kutumiwa kazi iliyokwisha kupangwa na wengine.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe, na hapa sitaficha. Katika idara nyingi za Kiswahili bado tunaamini kwamba kompyuta ni ya kuchapia tasnifu. Mwanafunzi akija na pendekezo la utafiti linalohusu data na mitandao ya neva, tunamwelekeza idara nyingine: "Hayo ni mambo ya watu wa kompyuta." Akifika huko anaambiwa: "Hayo ni mambo ya watu wa lugha." Anarudi kuandika tasnifu ya mia moja kuhusu maudhui katika riwaya ile ile. Tumekesha tukibishana kama tuseme akili bandia, akili mnemba au akili unde. Mjadala huo una maana yake, lakini kukipa kitu jina si sawa na kukijua. Vyama vyetu vya Kiswahili hukutana kila mwaka, makala husomwa, vyeti hugawanywa, na orodha ya makosa ambayo mitambo hii hufanya katika lugha yetu hatujaiandika kwa utaratibu ambao mtafiti wa Nairobi au Toronto angeweza kuutumia.

Kwamba inawezekana, tuna mfano nyumbani. Mradi wa Kencorpus uliwaunganisha watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, kwa ufadhili wa hazina ya kimataifa ya Lacuna. Ndani yake walikuwemo watu wa kompyuta kama Barack Wanjawa na Lilian Wanzare, na alikuwemo mtaalamu wa Kiswahili, Florence Indede, kama mtafiti na mwandishi mwenza. Walikwenda kwenye jamii, shule, vyombo vya habari na wachapishaji, wakakusanya matini 4,442 zenye maneno milioni 5.6 na saa 177 za sauti katika Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Walitunga jozi 7,537 za maswali na majibu ya Kiswahili. Walitafsiri pia sentensi 13,400 kutoka Kidholuo na Kiluhya hadi Kiswahili. Hebu angalia mwelekeo huo wa tafsiri: Kiingereza hakikupitiwa. Hilo ni swali lililoundwa na watu wanaojua kwamba mama wa Bondo na mama wa Bungoma wakikutana sokoni, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Hakuna maabara ya California ambayo ingelifikiria kwanza.

Ndiyo maana nasema kazi ya 2020 ilikuwa hatua kubwa lakini haikufika mwisho wa safari. Ilimtoa mzungumzaji wa lugha ghalani ikamleta mezani. Iliyobaki ni kumleta mtaalamu wa lugha pale maswali yanapoundwa na vipimo vinapochaguliwa.

Napendekeza mambo matatu, na yote hayahitaji kompyuta ya mamilioni. Kwanza, idara za Kiswahili zitunge mtihani wa mitambo uliozaliwa kwa Kiswahili: sentensi za magazetini, mahakamani, shambani, kwenye mashairi na kwenye matatu, zikiwa zimepangwa kwa vipengele kama ukanushi, upatanisho, mnyambuliko na semi. Mtambo ukifeli, tujue umefeli wapi. Pili, tasnifu zinazohusu lugha na akili unde zisimamiwe na wasimamizi wawili, mmoja wa Kiswahili na mwingine wa kompyuta, na wote wawili watie sahihi. Tatu, mtafiti wa kigeni akibisha hodi akitaka wasemaji wa Kiswahili wa kumtilia alama kwenye sentensi zake, tumkaribishe, tumpe chai, kisha tumuulize swali moja kabla ya jingine lolote: ni nani aliyeamua kwamba hizo ndizo sentensi za kutiliwa alama?

Tukilipuuza hili, hasara haitakuwa ya maprofesa. Mwanafunzi wa Turkana au Kwale tayari anaweza kuuliza simu swali la somo na kujibiwa kwa Kiswahili. Kiswahili hicho kikiwa na vifaru walioharibika na wageni walioshibishwa kwa makosa, yeye hatajua kwamba ni makosa. Atajifunza hivyo, ataandika hivyo, na maandishi yake yatavunwa kufundisha mtambo ujao. Hapo ndipo tutakapokuwa tumeshirikiana kweli kweli, lakini katika kuiharibu lugha.

Wenzetu wamekwisha kutoa wito wa kujengana. Tuuitikie tukiwa na fikra zetu, maswali yetu na sarufi yetu mkononi.